Wimbi la Shambani na Wimbi la Pwani: Istilahi za Fizikia Zikihakikiwa kutoka Bukura

Uhakiki wa istilahi katika majarida ya idara zetu umezoea kuuliza maswali mawili. La kwanza ni la asili: neno limetoka wapi, na je, lilitafutwa katika Kiswahili chenyewe na katika lugha nyingine za Kibantu kabla ya kukimbilia Kiarabu au Kiingereza? La pili ni la umbo: je, neno ni fupi, lanyambulika, lakubaliana na ngeli yake? Maswali hayo si mabaya, na mabishano yaliyozuka kwa ajili yake yameipa lugha yetu maneno mengi mazuri. Walakini liko swali la tatu ambalo aghalabu huachwa mlangoni. Neno hilo, likishatiwa katika sentensi na kuambiwa mtu asiyekisoma kitabu kilicholileta, litamfanya aamini nini?

Madhumuni ya makala haya ni kuziuliza swali hilo istilahi chache za fizikia, yaani zile za joto, mawimbi, umeme na sumaku, na kuziuliza zikiwa Bukura, upande wa magharibi wa mji wa Kakamega, si Dar es Salaam wala Mombasa. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Bukura kuna chuo cha kilimo ambacho mizizi yake ni ya miaka ya 1920, na ambacho kimetoa maafisa wa kilimo wa nyanjani kizazi baada ya kizazi. Afisa huyo husoma fizikia yake kwa Kiingereza. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, na mwaka huohuo ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kenya imeendelea kufundisha sayansi kwa Kiingereza tangu madarasa ya kati ya shule ya msingi hadi chuoni. Lakini afisa akihitimu hapelekwi kwa Waingereza. Kama ni Mtsotso na amebaki kwao, atasema Olutsotso. Akipelekwa Narok au Kilifi, hana budi kusema Kiswahili, na huko atatakiwa kueleza mashine ya kutotoleshea mayai, tangi la kupozea maziwa, na kwa nini ng'ombe wanne walikufa kwa pamoja chini ya mti mmoja siku ya mvua. Kwa hiyo dai linalosikika mara kwa mara, kwamba istilahi hizi hazina kazi Kenya kwa kuwa hazimo darasani, halina msingi. Kazi zinayo, ila kazi yenyewe iko nje ya darasa, ambako hakuna mwalimu wa kusahihisha.

Na tuanze na umeme, maana hapa ndipo Kiswahili cha Kenya na kile cha Tanzania vinapoachana wazi zaidi. Mtanzania husema umeme umekatika. Mtu wa Bukura, kama Wakenya wengi, husema stima zimepotea. Wasanifishaji wamezoea kulitazama neno stima kwa jicho la dharau, kana kwamba ni takataka ya mitaani iliyovuka kizingiti cha nyumba. Yafaa tulichunguze kwa haki zaidi. Stima kwanza lilikuwa jina la meli ya mvuke, na watu wa magharibi ya Kenya walikuwa na sababu ya kulijua, kwa kuwa reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na meli za mvuke zikawa zinavuka Ziwa Viktoria kutoka hapo. Mashine iliyokwenda kwa mvuke ikaitwa kwa jina la mvuke, na jina likahamia kwenye nguvu nyingine iliyoendesha mashine na kuwasha taa. Mwanafizikia atacheka, kwa kuwa umeme si mvuke. Lakini acheke kwa hadhari. Tangu mwaka 1981 Kenya imekuwa ikizalisha umeme kwa mvuke unaotoka ardhini huko Olkaria, na katika miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo imetokana na mvuke huo. Neno lililopotoka likazungukwa na mambo hadi likawa karibu na ukweli. Hilo si jambo la kuliwekea kanuni, ila linafurahisha.

Hoja nzito inayotolewa kulitetea stima ni kwamba laondoa utata. Katika Kiswahili umeme ni ule mmweko wa mawinguni na pia ni ule wa kwenye nyaya. Bukura, ambako mvua za alasiri huja na radi katika sehemu kubwa ya mwaka, utata huo si wa kitabuni tu. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, na mtu akisema "umeme umeingia nyumbani kwa fulani," msikiaji ana haki ya kujua kama ampongeze au ampe pole. Stima humwondolea shaka hiyo.

Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, utata wa neno umeme ndio utajiri wake. Tazama lugha nyingine zilivyofanya. Kiingereza kilichukua jina la umeme kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, kwa sababu watu wa kale waliona kaharabu ikisuguliwa huvuta vipande vya majani makavu. Kiarabu nacho hutumia neno la kaharabu hiyohiyo. Kiganda kilichungulia upande wa mwili wa binadamu: neno lake amasannyalaze ni la ukoo mmoja na kitenzi cha kufa ganzi. Kila lugha imeshika ncha moja ya jambo. Kiswahili, kwa kuuita umeme wa nyaya kwa jina la umeme wa mawingu, kilisema waziwazi jambo ambalo wanasayansi wa Ulaya hawakulithibitisha ila katika karne ya 18, kupitia majaribio ya Benjamin Franklin na wenzake: kwamba vitu hivi viwili ni kitu kimoja. Mtoto wa Bukura anayeambiwa stima ni ya nguzo na radi ni ya Mungu ana sayansi mbili kichwani, na kati yake hakuna daraja. Anayeambiwa yote ni umeme amekwisha kupewa daraja kabla ya kuuliza.

Tena Kiswahili hakikuishia hapo. Tukio lile moja la mawinguni lina majina matatu: umeme ni mmweko, radi ni pigo, ngurumo ni sauti. Mgawanyo huu ni bora kwa mwalimu kuliko sura nzima ya kitabu. Pale mkondo unapopita hewani, hewa hupata joto la ghafla, karibu nyuzi 30,000 za Sentigredi. Hewa hiyo hutanuka kwa kishindo, na kishindo husafiri kama wimbi la sauti kwa mwendo wa karibu mita 340 kwa sekunde. Ndiyo maana mmweko hutangulia na ngurumo hufuata, na kila sekunde tatu za kungoja ni kilomita moja hivi. Mkondo huohuo ukipita kwenye mwamba waweza kuuachia usumaku. Joto, wimbi, umeme, sumaku: yote manne katika nukta moja ya wakati. Sijui kwa nini vitabu vyetu huanza na betri.

Sifa hizi zikishatolewa, na tugeukie neno linalostahili lawama, nalo ni kihami. Katika istilahi za Kiswahili, kitu kinachopitisha umeme huitwa kipitishi, na kisichoupitisha huitwa kihami. Neno la kwanza halina tatizo. Linasema kazi ya kitu na kunyamaza. La pili limetokana na kitenzi hami, yaani kinga, linda, tetea. Kwa umbo ni zuri mno: ni fupi, la ngeli ya ki-vi, na ndugu yake hifadhi analijua kila mtu. Kipimo cha asili linafaulu, kipimo cha umbo linafaulu. Linaanguka katika kipimo cha tatu, na linaanguka vibaya.

Kwa maana msikiaji akiambiwa kwamba mpira ni kihami, ameambiwa kwamba mpira ni mlinzi. Katika waya wa nyumbani wa volti 240 hilo ni kweli ya kutosha. Lakini wakulima wengi, Bukura na kwingineko, huamini kwamba gambuti za mpira humkinga mtu na radi, na kwamba mtu aliye ndani ya gari yu salama kwa sababu ya magurudumu. Yote mawili ni makosa, na neno letu limeyatia nguvu. Hewa yenyewe ni kihami, na umeme wa mawinguni umekwisha kuipasua kwa kilomita nzima kabla ya kufika kwa mwenye gambuti. Soli ya sentimita mbili haitauzuia. Gari la bati humlinda abiria kwa sababu bati ni kipitishi, nao mkondo hupitia kwenye ganda la nje na kuuacha mwili wake. Nyumba nayo hukingwa na radi kwa fimbo ya chuma au shaba iliyounganishwa na ardhi. Kwa maneno mengine, mbele ya radi kinachohami ni kipitishi, na kinachoitwa kihami hakihami. Istilahi imepindua mambo juu chini.

Hili si zoezi la wanaisimu la kupitisha jioni. Mwezi wa Juni mwaka 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, Wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, ikaua watu wasiopungua 18, wengi wao watoto waliokuwa darasani wakati wa mvua. Hakuna anayesema kwamba istilahi iliwaua. Lakini baada ya msiba wa namna hiyo afisa, mwalimu au mtangazaji wa redio husimama mbele ya wazazi na kueleza la kufanya, na neno atakalolitumia ndilo wazazi watakalokwenda nalo nyumbani. Akisema "tafuteni kihami," watakwenda kununua viatu. Ningependekeza neno lisilotoa ahadi, kama vile kizuiaumeme, au hata maelezo ya kawaida tu, "kitu kisichopitisha umeme kwa urahisi." Ni marefu, nakubali. Urefu wake hautamdhuru mtu.

Kuhusu joto, jambo ni jepesi zaidi na wasanifishaji wamefanya kazi nzuri kuliko wanavyosifiwa. Lugha ya kila siku hutumia joto kwa maana mbili: kile kinachoingia katika sufuria kutoka motoni, na kile kinachosomwa kwenye kipimajoto. Hivi si kitu kimoja. Sufuria ya lita 1 na pipa la lita 200, yote yakiwa na maji ya nyuzi 40, kipimajoto hakitaona tofauti. Lakini aliyeyapasha kwa kuni anajua kwamba pipa limekula mzigo mzima. Kwa maana ya pili tumepewa maneno mawili, halijoto na jotoridi. La pili limeunganisha joto na baridi, na kwa hiyo lampa msikiaji picha ya vitu viwili vinavyogombania nafasi, joto huku na baridi kule. Hakuna kitu baridi kinachoingia nyumbani usiku. Kuna joto linalotoka. Kila lugha niijuayo husema baridi imeingia, na hatuwezi kuipeleka mahakamani, lakini si lazima kosa la mazungumzo litiwe katika istilahi. Halijoto ni bora. Linasema kwamba hii ni hali ya kitu, si kitu kilichomo ndani yake.

Ubora wake waonekana penye haja. Mayai ya kuku katika mashine ya kutotoleshea yahitaji nyuzi 37.5 hivi muda wote wa siku 21. Mashine hupoteza joto kupitia kuta zake, hivyo lazima ipewe joto daima, na wakati huohuo isiruhusiwe kuwa moto zaidi. Jaribu kulisema hilo kwa neno joto peke yake: "ipe joto bila kuiongeza joto." Mkulima atadhani afisa amelewa. "Iendelee kupewa joto, ila halijoto yake isipande." Sasa lasemeka. Wanaosema kwamba halijoto ni neno la watangazaji wa hali ya hewa tu hawajajaribu kutotolesha mayai.

Palepale kwenye joto kuna sentensi moja ya vitabu vya sayansi inayopaswa kuhakikiwa, nayo husema kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Ni sentensi ya pwani. Iliandikwa usawa wa bahari na kwa ajili ya usawa wa bahari, na Mombasa au Zanzibar ni kweli tupu. Bukura iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,500. Huko kanieneo ya hewa ni ndogo zaidi na maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Mpishi wa maharagwe huona matokeo yake kila siku, ingawa hajui sababu: povu linaruka, na maharagwe yangali magumu. Mwanafunzi anayepima kwa kipimajoto na kupata 95 huambiwa kifaa kibovu. Kifaa ni kizima. Kilichokosekana katika sentensi ni maneno mawili au matatu ya kutaja mahali.

Pwani hiyohiyo imetupa neno wimbi, na hapa Bukura ina mchango wa kuirudishia. Kwa Mswahili wa Lamu au Unguja, wimbi ni la bahari. Kwa mtu wa Kakamega wimbi ni nafaka kwanza, ile ambayo Tanzania huitwa ulezi: ni uji wa mtoto, ni ugali mweusi wa wageni, na zamani ilikuwa pombe ya kila shughuli ya maana. Mwalimu akitamka "wimbi" mbele ya darasa la Bukura, nusu yao wamekwisha kuona chungu. Kwa kawaida jambo hili huchekwa kama ajali ya lugha, neno moja kwa vitu viwili visivyohusiana. Sikubali kwamba halina faida.

Mtu aliyesimama ufukoni huona wimbi likija, likimwagika miguuni pake na kuacha mwani na vifuu. Huamini, na kwa macho yake ana haki, kwamba wimbi huleta maji. Lakini jambo la kwanza ambalo fizikia hutaka lieleweke ni kinyume chake: kinachosafiri ni msukosuko na nishati yake, na maji ya kilindini hupanda, hushuka na kurudi karibu na pale yalipokuwa. Ufuko ni mahali pabaya pa kujifunzia jambo hilo, kwa kuwa hapo wimbi linavunjika. Sasa simama kando ya shamba la wimbi lililokomaa, upepo ukipita. Mmweko wa kijani na kahawia hukimbia kutoka ukingo hadi ukingo, wala hakuna bua hata moja lililong'oka. Kila suke limeinama na kuinuka mahali pake. Mfano huu una kasoro yake, kwa maana upepo wenyewe unasafiri na ndio unaosukuma, ilhali katika kamba au katika maji kila sehemu husukumwa na jirani yake. Mwalimu mwaminifu atalisema hilo. Lakini kwa lile jambo la msingi, shamba la wimbi ni mwalimu bora kuliko wimbi la pwani, na lugha imeyapa jina moja bila kutarajia.

Masafa ni kisa cha huzuni zaidi. Neno lina maana ya umbali. Siku za redio za zamani zilisema masafa mafupi na masafa ya kati, na maana ilikuwa sawasawa: urefu wa wimbi ni umbali, nao hupimwa kwa mita. Kisha stesheni za efu-emu zikaja na namba zake za megahezi, na watangazaji wakaendelea kusema masafa ya 95 au ya 100. Namba hizo si umbali tena. Ni idadi ya marudio kwa sekunde. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na kadiri marudio yanavyoongezeka ndivyo urefu unavyopungua. Hivyo neno moja limetumika kwa vitu viwili ambavyo kimoja kikipanda kingine hushuka. Neno marudio lipo, lipo katika istilahi, lasema ukweli, na hakuna redio niliyoisikia ikilitumia.

Juu ya sumaku sina mengi. Neno limekubalika kila mahali, na mfugaji wa Bukura anayemmezesha ng'ombe sumaku ili inase misumari aliyoimeza malishoni hahitaji msaada wetu. Uga wa sumaku ni tafsiri ya sitiari ya kigeni. Uga ni mahali peupe mbele ya nyumba, na hapana kitu kinachovuta mtu uani. Wengine wangependa eneo la mvuto, lakini sumaku husukuma pia, na mvuto ungeifuta nusu ya habari. Uga na ubaki.

Linalobaki gumu ni nguvu. Neno hili lilibeba peke yake mambo manne ambayo fizikia huyatenga, na waundaji wa istilahi wamejitahidi kulipunguzia mzigo kwa kani, nishati na kawi. Bahati mbaya nchi mbili zimegawana. Tanzania ina wizara ya nishati, Kenya ina wizara ya kawi, na yote mawili ni ya Kiarabu, moja likiwa na maana ya uchangamfu na jingine ya kuwa na nguvu, basi kawi imeturudisha tulikotoka. Lakini hata tukikubaliana juu ya nishati, hatujawa na neno lililotulia la kiasi cha nishati kinachotumika kwa kila sekunde, na hilo ndilo mtu wa Bukura analihitaji zaidi tangu mita za tokeni zilipofika. Anaponunua uniti, ananunua nishati: uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 10 haimalizi uniti moja. Hutumia sehemu 6 tu kati ya 10. Birika la wati 2,000 hutumia uniti nzima kwa nusu saa. Analalamika kwamba jirani mwenye balbu nyingi hulipa kidogo kuliko yeye mwenye birika moja na friji, na anashuku mita. Afisa akimjibu kwamba birika lina nguvu nyingi, hajamjibu, kwa sababu na trekta lina nguvu nyingi. Wenyeji wenyewe wana njia yao, wala si nomino: husema birika linakula stima. Kitenzi hicho chaweza kubeba kiasi na pia kasi, ambavyo nomino zetu zimeshindwa kuvitenga: birika hula haraka likaacha, friji hula polepole lakini halilali.